Pikipiki ya rimoti inaanguka kila kona? Tuzungumze stelingi: servo isukume uma, isiushike

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wenye pikipiki za rimoti, iwe umenunua ya kipimo cha 1/8, 1/5 au ile kubwa ya 1/4, iwe umeunda mwenyewe kwa vyuma vya Gerezani na servo (kile kimota kinachogeuza stelingi kwa amri ya rimoti) ya Kariakoo. Kwenye viwanja tunavyochezea hapa Dar naona jambo lilelile: chombo kizuri, mota ina nguvu, betri imejaa, lakini kikifika kwenye kona kinalala chini moja kwa moja. Mwenye nacho analaumu tairi, analaumu sakafu, anaongeza uzito chini ya fremu. Mimi nasema tuangalie stelingi, hasa namna servo ilivyofungwa kwenye uma wa mbele, yaani ile miguu miwili inayoshika gurudumu.

Wengi wetu tumetokea kwenye magari ya rimoti. Kwenye gari, servo inaambiwa ikae nyuzi 20 kulia na inakaa, magurudumu manne yanabeba yaliyobaki. Tukihamia kwenye pikipiki tunafunga vilevile: rodi ya chuma kutoka mkono wa servo hadi kwenye uma, imekaza, haina mchezo hata kidogo. Kwa pikipiki hilo ni kosa kubwa. Uma wa pikipiki unatakiwa uwe huru kujigeuza wenyewe, na kazi ya servo ni kuusukuma kidogo upande unaotakiwa, basi.

Nieleze sababu, maana bila sababu mtu anabadilisha vitu kwa kubahatisha. Pikipiki ikiwa kwenye mwendo haianzi kona kwa kugeuza gurudumu upande inakokwenda. Ukitaka iende kulia, gurudumu la mbele linageuka kwanza kushoto kidogo, tairi linatoka chini ya uzito, chombo kinalala kulia, kisha gurudumu linafuata mlalo na kugeuka kulia. Dereva wa bodaboda anafanya hivyo kutwa nzima: anasukuma mbele mkono wa kulia wa usukani, pikipiki inalala kulia. Wilbur Wright, yule wa ndege, ambaye awali alikuwa na duka la baiskeli pamoja na mdogo wake Orville, alishaliona hilo zamani na kueleza kwamba waendesha baiskeli wengi wanageuza usukani upande wa pili bila wenyewe kujua.

Hilo la gurudumu kufuata mlalo ndilo linaloifanya pikipiki isimame. Chukua baiskeli ya kawaida, ishike kwenye kiti tu, isukume, kisha ilaze kulia kidogo. Usukani utageuka kulia bila mkono wa mtu. Mwaka 1970 David Jones aliandika kwenye jarida la Physics Today majaribio ya baiskeli alizozibadilisha makusudi. Mojawapo ilikuwa na gurudumu la ziada pembeni ya lile la mbele, likizunguka kinyume ili kufuta nguvu ya jairo (ile ya gurudumu linalozunguka kupinga kulazwa), na bado iliendesheka. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi na Marekani wakaonyesha kwenye jarida la Science baiskeli isiyotegemea jairo wala treili (umbali ambao tairi linagusa ardhi nyuma ya mstari wa shina la uma, hesabu yake iko chini), inayojisimamia kwa mpangilio wa uzito wake. Kwa hiyo vinavyougeuza uma ni vingi: treili, uzito wa sehemu ya mbele, mzunguko wa gurudumu. Servo iliyofungwa kwa rodi ngumu inavizuia vyote kwa pamoja.

Na sisi wa modeli tuna mzigo wa ziada. Kitu kifupi kinaanguka haraka kuliko kirefu. Muda wa kuanguka unafuata kipeuo cha pili cha urefu, kwa hiyo modeli ya 1/4 inaanguka mara 2 haraka zaidi ya pikipiki kamili, ya 1/5 mara 2.2, ya 1/8 mara 2.8. Hakuna kidole gumba kinachoweza kuwahi hapo. Uma wenyewe unaweza, ukiachiwa.

Kabla ya kufungua skrubu yoyote fanya kipimo hiki. Chomoa rodi ya servo. Inua pikipiki gurudumu la mbele lisiguse chini, kisha ilaze taratibu kulia na kushoto. Gurudumu linatakiwa lianguke lenyewe upande wa mlalo, mapema, bila kusitasita. Likigoma, tatizo la kwanza ni msuguano wa shina la uma, na springi nitakazozieleza hapa chini hazitakusaidia mpaka uliondoe. Modeli nyingi za bei nafuu zinatoka na bushi za plastiki pale kwenye shina. Toa, weka beringi. Kwa shina la mm 5 tafuta MR85 (5×8×2.5) au MR105 (5×10×4), zile zenye kifuniko cha chuma, kwa sababu zenye sili ya mpira zinakaza kidogo na hapa kidogo hicho kinahesabika. Kaza nati mpaka mchezo uishe, halafu irudishe kinyume kiasi kidogo sana.

Likishaanguka vizuri ndipo uweke springi. Mkono wa servo unabeba kipande kidogo chenye kitundu, kinachoweza kuzunguka. Rodi inayotoka kwenye uma inapita humo bila kushikwa, inateleza. Kila upande wa kitundu kunakaa springi ndogo, na nyuma ya kila springi kola (pete ndogo) yenye skrubu ya kuibana kwenye rodi. Servo ikienda upande mmoja inasukuma springi, springi inasukuma uma. Uma ukitaka kujigeuza, unaibonyeza springi na kupita. Umeacha kuuamuru uma ukae pembe fulani, unauomba kwa nguvu fulani.

Servo igeuzwe ili ukibonyeza kulia gurudumu lielekee kushoto. Wengi wanashtuka wakiona mezani gurudumu linaenda kinyume na rimoti. Iko sawa. Chombo kikiwa kwenye mwendo kitalala kulia.

Maswali karibuni.

Mdau wa Kigamboni

Mkuu, shukrani sana, hili la uma kuwa huru sijawahi kuelezwa na mtu. Nina ya 1/10 niliyoiunda, servo ni SG90. Springi napata wapi za ukubwa huo, na nitajuaje ni laini au ngumu?

Mwanzisha uzi

Kaka, springi ya kalamu ya kubonyeza inatosha kabisa kwa 1/10. Uzuri wake unaweza kuirekebisha kwa plaizi: ukiikata ikabaki nusu ya mizunguko, ugumu unakuwa mara mbili. Anza na ndefu, ukiona laini sana punguza mzunguko mmoja mmoja. Kata zote mbili sawasawa.

Namna ya kujua: washa kila kitu, rimoti ikae katikati, sukuma tairi la mbele kwa kidole kimoja. Linatakiwa likubali na lirudi. Kisha lishike gurudumu lisimame wima mbele, ubonyeze rimoti hadi mwisho. Springi zitabonyea na servo itakaa kimya. Servo ikilalamika kwa mlio mfululizo, springi ni ngumu au mkono wa servo ni mrefu mno.

Halafu angalia springi zilivyokaa katikati. Zikigusa tu kola bila kubanwa, ni springi moja tu inayofanya kazi kwa wakati. Zikiwa zimebanwa tangu mwanzo, springi zote mbili zinafanya kazi pamoja, na ugumu unakuwa mara mbili palepale. Ndiyo maana mtu anazungusha kola kidogo tu na pikipiki inabadilika tabia. Mimi napenda zigusane bila kubanwa.

SG90 ina gia za plastiki, na pikipiki ikianguka kifudifudi meno yanakatika. Springi zinaikinga, lakini ukipata MG90S inaingia karibu kwenye nafasi ileile, ina gia za chuma, uzito unapanda kutoka gramu 9 hadi 13 na kidogo. Na tafadhali usiishike servo kwa ile gundi ya bunduki inayoyeyushwa. Kwa jua la hapa, ukiacha modeli ndani ya gari mwezi wa Februari, gundi inalegea na servo inahama. Tumia skrubu.

Dereva wa boda, Tabata

Habari zenu wataalamu. Mimi mambo ya rimoti siyajui, nimevutwa na kichwa cha uzi. Nathibitisha hilo la kusukuma mkono. Tulipofundishwa hakuna aliyetuambia, lakini ukiwa kona ndefu na mwendo mzuri, mkono wa ndani ndio unaosukuma. Abiria akijipinda vibaya nyuma unamrudisha kwa mkono huohuo.

Na hilo la nati ya shina: kwetu koni seti (beringi za shina la usukani) ikikazwa kupita kiasi pikipiki haishiki mstari. Mwendo mdogo inayumba kulia na kushoto, unapambana nayo mpaka mabega yanauma. Fundi akilegeza kidogo tu, inanyooka. Mafundi wasiojua wanadhani kukaza ndiyo usalama.

Mwanzisha uzi

Ubarikiwe ndugu yangu, umesema kilekile kwa pikipiki kamili, tena kwa mikono iliyoshika usukani wenyewe. Wana modeli mnaosoma, shikeni hilo la koni. Inayoyumba mwendo mdogo, ianzieni kwenye nati ya shina kabla ya kugusa trimu ya rimoti (kile kitufe cha kusahihisha katikati ya servo).

Mwanafunzi, Kijitonyama

Kwa heshima mkuu, napingana kidogo. Zama hizi jairo ya kielektroniki ni ndogo na haina uzito. Losi Promoto-MX ya 1/4 iliyotoka 2023 ina mfumo wa kielektroniki wa kuisimamisha, pamoja na gurudumu zito linalozunguka ndani ya gurudumu la nyuma. Kwa nini tuhangaike na springi za kalamu wakati kipande kimoja kati ya risiva (kipokezi cha rimoti) na servo kinamaliza kazi?

Mwanzisha uzi

Dada au kaka, hoja ni nzuri na naiheshimu, ila umetaja vitu viwili vinavyofanya kazi tofauti. Gurudumu zito la nyuma linapinga kuanguka kwa mzunguko wake lenyewe, hata chombo kikienda polepole sana. Jairo ya kielektroniki haipingi chochote. Inahisi tu kwamba chombo kinaanguka, kisha inaiambia servo igeuze gurudumu kuelekea kule kinakoangukia. Bila mwendo, kugeuza gurudumu hakuinui kitu. Kwa hiyo ukisimama, jairo ile haina msaada, na ukiwa kwenye mwendo inafanya kazi ambayo uma huru ulikuwa unaifanya bure.

Sisemi haifai. Kwa modeli fupi za 1/10 kushuka chini, ambako hata uma huru unachelewa, inasaidia sana. Ila ifungwe sawa, na hapa wengi wanakwama. Jairo nyingi zinazouzwa ni za magari ya kuteleza. Zinahisi gari kuzunguka likiwa limelala bapa, maana mhimili wake unasimama wima kutoka kwenye uso wa kile kiboksi. Pikipiki tunataka ihisi kulala pembeni. Kwa hiyo kiboksi kinasimamishwa, uso wake uelekee mbele au nyuma, ili mhimili ulale sambamba na urefu wa pikipiki. Baada ya hapo ilaze kulia kwa haraka ukiwa umeishika: gurudumu liende kulia. Likienda kushoto, geuza swichi ya mwelekeo kwenye jairo yenyewe, usiguse ya rimoti. Anza na nguvu ndogo ya jairo, pandisha mpaka gurudumu lianze kutetemeka, kisha shusha kidogo.

Na kuna la kuungua. Servo ya analogi imezoea kupokea mapigo 50 kwa sekunde, kila pigo kati ya milisekunde 1 na 2, katikati ikiwa 1.5. Baadhi ya jairo zinapiga hadi mara 333 kwa sekunde kwa ajili ya servo za kidijitali. Ukiiunganisha analogi hapo inachemka na kufa. Soma swichi ya kiboksi kabla ya kuwasha.

Springi na jairo vinaweza kukaa pamoja, lakini springi ziwe ngumu zaidi kuliko za uma usio na jairo, maana masahihisho ya haraka yakipitia springi laini yanafika yamechelewa.

Mwanafunzi, Kijitonyama

Nimeelewa, hasa hilo la mhimili. Yangu nilikuwa nimeilaza bapa chini ya tangi. Jioni hii nasimamisha kiboksi.

Fundi wa Gerezani

Wakuu, mimi nakata sahani za alumini, zile mbili za juu na chini zinazoshika shokapu za mbele. Wateja wa modeli wananiletea vipimo vya kukisia. Mmoja anataka tundu liende mbele, mwingine lirudi nyuma. Mwanzisha uzi tuwekee hesabu ili tusipoteze chuma.

Mwanzisha uzi

Fundi, hapa ndipo penye utamu wote, acha nikae kidogo.

Chora mstari unaopita katikati ya shina la uma mpaka ardhini. Chora mwingine wima kutoka ekseli ya mbele mpaka ardhini. Mstari wa shina unagusa mbele, wa ekseli unagusa nyuma yake, na umbali kati ya alama hizo mbili ndio treili. Kwa kuwa tairi linaburutwa nyuma ya mstari wa shina, linapenda kunyooka, na pikipiki ikilala linavutwa kugeuka upande wa mlalo.

Hesabu: chukua nusu kipenyo cha gurudumu pamoja na tairi, zidisha kwa saini ya pembe ya shina ukiipima kutoka wima, toa ofseti, kisha gawa kwa kosaini ya pembe ileile. Ofseti ni umbali ambao ekseli imetangulia mbele ya mstari wa shina. Mfano: nusu kipenyo mm 60, pembe nyuzi 26, ofseti mm 5. Unapata treili ya mm 23.7. Ukisogeza tundu la shokapu mbele ofseti ikawa mm 10, treili inashuka hadi mm 18.1. Milimita 5 za alumini zimebadilisha chombo kizima.

Pikipiki kamili za mashindano ya lami zinacheza karibu na nyuzi 24 na treili ya karibu mm 100, ambayo kwa 1/5 ni mm 20. Anzia hapo. Treili ikiwa kubwa mno chombo kinakwenda mstari vizuri lakini kinagoma kulala, na springi zinalazimika kuwa ngumu ndipo kitii. Ikiwa ndogo mno kinakuwa chepesi kupita kiasi na usukani unatikisika kwa kasi. Kwenye pikipiki kamili mtikisiko huo ni mara 4 hadi 10 kwa sekunde, na dereva wa boda aliyewahi kuupata hausahau. Kwa modeli hauuoni vizuri kwa macho, unasikia tu tairi likikwaruza kisha chombo kinaruka pembeni.

Ukiinua sehemu ya nyuma ya fremu, shina linasimama zaidi na treili inapungua. Kwa hiyo anayebadilisha shokapu ya nyuma ajue amegusa stelingi pia. Mtikisiko ukibaki baada ya treili kuwa sawa, weka dampa: mafuta mazito ya silikoni, yale ya difu za magari ya rimoti, kwenye bushi pana inayozunguka na shina. Yapakwe kidogo sana. Yakizidi umerudisha msuguano uleule tuliouondoa kwa beringi, ingawa mafuta yana nafuu moja: yanapinga mwendo wa haraka na kuruhusu wa polepole, wakati bushi kavu inapinga wote.

Kwa sahani zako, fundi, ningeshauri utoboe seti yenye ofseti tatu, mm 5, 7.5 na 10, mteja ajaribu mwenyewe. Hizo za juu na chini zilingane kabisa, zikitofautiana hata nusu milimita uma unakaa umepinda kwa shina na hesabu yote inaharibika.

Mdau wa Mbagala

Mimi nina ile ya watoto ya dukani, inakunja kulia yote au kushoto yote, katikati hakuna. Naweza kuifungia servo nikatumia rimoti yake?

Mwanzisha uzi

Rimoti yake hapana, mkuu. Inatoa amri ya kulia au kushoto tu, na haitoi yale mapigo ya milisekunde 1 hadi 2 ambayo servo inayasoma. Tafuta rimoti ya chaneli mbili ya 2.4 GHz yenye risiva yake, pamoja na spidi kontrola (kidhibiti cha mwendo wa mota) inayotoa volti 5 kwa ajili ya servo. Fremu, uma na magurudumu ya chombo chako vinaweza kubaki. Angalia tu tairi: liwe la duara kwa upana wake, yaani ukilitazama kwa mbele lionekane limepinda kama upinde. Tairi bapa la gari la kuchezea linapanda ukingoni chombo kikilala na kukitupa nje, hata stelingi iwe nzuri kiasi gani.

Mdau wa Kigamboni

Nimerudi. Nimefunga springi za kalamu na MG90S, nimejaribu kiwanja cha kikapu. Kulia inalala vizuri sana, inazunguka duara na kurudi. Kushoto inaenda chini kabisa mpaka mabawa ya pembeni yanakwaruza. Trimu nimeizungusha, haisaidii.

Mwanzisha uzi

Safi sana, umefika mbali. Acha trimu katikati kwanza. Zima umeme, chomoa rodi ya servo, isukume kwa mkono kwenye sakafu hiyohiyo na uiachie. Ikienda upande mmoja kila mara, stelingi haina hatia: ama betri imekaa pembeni, ama magurudumu mawili hayako mstari mmoja. Vuta uzi ulionyooka kutoka ubavu wa tairi la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili, na ulinganishe nafasi. Ukikuta tofauti, sogeza ekseli ya nyuma kwa washa nyembamba za kujazia mpaka pande zilingane.

Ikinyooka bila servo, basi ni springi. Zitoe uzisimamishe pamoja mezani, na uweke uzito mmoja juu ya kila moja. Inayobonyea zaidi ikatwe mzunguko. Kisha hakikisha rimoti ikiwa katikati mkono wa servo unasimama pembe mraba na rodi. Ukiwa umeinama upande mmoja, safari ya kulia na ya kushoto hazitalingana hata springi ziwe pacha. Kama meno ya mkono hayakupi pembe mraba, uzungushe jino moja, na kilichobaki ndipo ukimalize kwa trimu.

Na kama ulipitia ufukweni kabla ya kufika kiwanjani, fungua beringi za shina uzioshe. Mchanga na chumvi vya Coco Beach vikiingia humo uma unakwama, mara nyingi upande mmoja tu, na dalili zake ni hizohizo ulizoandika.